Huzuni ya Siku ya Kumi na Mbili: Namna ya Kuvuka Sonona Ukiacha Sigara

Sigara niliiacha Jumanne ya tarehe 22 Juni 2021. Arosto ya siku za mwanzo niliitegemea: mikono kutetemeka, ukali usio na sababu, usingizi wa mang'amung'amu. Hayo kila aliyewahi kuacha alinionya. Hakuna aliyenionya kuhusu siku ya kumi na mbili.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 3 Julai. Yanga waliwafunga Simba 1-0 Uwanja wa Mkapa, na karakana yangu iko Keko, si mbali na hapo. Tulisikia uwanja ukilipuka. Mimi ni Yanga tangu nikiwa mtoto Urambo, mkoani Tabora. Mafundi wenzangu walikumbatiana, mmoja akapiga debe la gundi kama ngoma. Mimi nilibaki nimeshika msasa mbele ya kitanda cha mninga, sita kwa sita, ambacho kilitakiwa kiwe kimeshapigwa vanishi tangu Alhamisi. Sikuona furaha wala hasira. Ilikuwa kama kula chakula kisicho na chumvi siku baada ya siku, mpaka ukasahau kwamba chumvi ipo. Jioni nilijifungia nyuma ya mbao nikalia, na sikujua namlilia nani.

Kama na wewe uko kwenye siku zako za namna hiyo, soma taratibu. Mimi si daktari. Ni seremala niliyevuta miaka 27, na haya ni yale yaliyonivusha.

Jua kwanza ni nini kinakupata

Ukivuta pafu moja la moshi, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko huufanya ubongo umwage dopamini, ile kemikali inayolipa jambo ladha yake: bao la timu yako, wali wa nazi, mtoto anapokukimbilia mlangoni. Mimi nilikuwa navuta sigara 15 kwa siku. Hesabu pafu kumi kwa kila sigara, ni mara 150 kila siku nilikuwa naubonyeza ubongo wangu utoe furaha. Ubongo ukizoea hivyo huotesha vipokezi vingi zaidi vya kuingojea nikotini. Siku unapoacha, vipokezi vyote vinabaki vimeachama, na mambo ya kawaida hayatoshi kuvishibisha.

Vipokezi hivyo hupungua na kurudi katika hali ya kawaida, lakini huchukua wiki 6 hadi 12. Arosto ya mwili hupanda sana siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka ndani ya wiki mbili hadi nne. Moyo unaweza kuchelewa nyuma ya mwili. Mikono yangu ilikuwa imeshatulia kabisa wakati huzuni inaingia, ndiyo maana sikuihusisha na sigara. Nilidhani nimeharibikiwa.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Ukivuta moja wakati huo, huzuni hupungua mara moja, nawe unajiambia: kumbe sigara ndiyo dawa yangu. Sivyo. Sigara inaziba tundu ililotoboa yenyewe. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizowafuatilia walioacha na walioendelea kuvuta. Walioacha ndio waliopungukiwa na huzuni na wasiwasi, na ilikuwa hivyo hata kwa wenye maradhi ya akili. Niliposomewa habari hiyo nilimwomba aliyenisomea arudie.

Andika siku ukutani

Chukua penseli ya kazi, chora mistari ukutani au kwenye ubao. Kila jioni andika mambo matatu tu: nimelala saa ngapi, nimekula mara ngapi, na moyo ni ngapi kati ya kumi. Usiandike maelezo, maana ukiwa na huzuni maelezo hukuvuta chini.

Siku ya 12 niliandika 1. Siku ya 17 niliandika 3, siku ya 18 nikarudi 2, siku ya 23 nikaandika 4 nikashangaa. Mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huamini kwamba imekuwa hivi siku zote na itakuwa hivi siku zote. Ukuta ulinikatalia. Ulinionyesha kuwa kuna siku za 4, na kwamba siku za 1 zinaachana zaidi na zaidi.

Tofautisha pia hamu na huzuni, maana tiba zake si moja. Hamu ya sigara hukaa dakika chache ikapita. Mimi niliipima kwa randa: ikija, nachukua ubao wa futi sita naupiga randa upande mmoja. Nikifika mwisho wa ubao, hamu imeshuka. Huzuni haiishi kwa ubao mmoja. Hiyo inataka chakula, usingizi, jua na watu, kila siku, hata siku ambayo huoni faida yake.

Kahawa: jambo ambalo karibu liniponze

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimewaeleza mafundi wengi na wote hawakulijua.

Nilikuwa nakunywa vikombe sita vya kahawa chungu kwa siku pale kijiweni, pamoja na kashata. Nilipoacha sigara, kahawa sikuipunguza. Nilijiambia angalau hii nibaki nayo. Wiki ya pili moyo ukawa unanidunda kama nimekimbizwa, usiku nakodolea dari mpaka adhana ya alfajiri, mchana nina wasiwasi hata simu ikilia. Nikaona sasa kichaa kinakuja.

Moshi wa sigara huliamsha ini liivunjevunje kafeini kwa haraka. Si nikotini inayofanya hivyo, ni moshi wenyewe. Ukiacha kuvuta, ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kahawa ileile inakaa kwenye damu kwa muda mrefu zaidi. Kiwango chake kinaweza kufika karibu mara mbili. Kwa hiyo vikombe vyangu sita vilikuwa vimegeuka kama kumi na viwili bila mimi kuongeza hata kimoja.

Punguza kahawa kwa nusu tangu siku unayoacha, na baada ya Alasiri usinywe kabisa. Chai ya rangi ihesabu pia, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Nilishuka hadi vikombe vitatu, na ndani ya siku nne nililala saa sita mfululizo. Huzuni haikuondoka, lakini mtu aliyelala huibeba tofauti.

Kwa sababu hiyohiyo, kama unatumia dawa za maradhi ya akili, hasa olanzapine au clozapine, mwambie daktari wako kabla hujaacha sigara. Dozi iliyokuwa sawa ukiwa unavuta inaweza kuwa kubwa mno ukiacha. Usijipunguzie mwenyewe.

Ulichopoteza si nikotini peke yake

Ilinichukua muda kulikubali hili. Sigara ndiyo ilikuwa ruhusa yangu ya kupumzika. Fundi akisimama bure, mteja anaona mvivu. Fundi akisimama na sigara, anapumzika. Nilipoacha, nilijikuta nafanya kazi tangu saa mbili asubuhi mpaka magharibi bila kunyoosha mgongo. Na wale niliokuwa nasimama nao chini ya mwarobaini, wawili watatu, tulioongea kuhusu ada za watoto na madeni, nao niliwapoteza.

Kwa hiyo rudisha mapumziko yako. Nilitoka nje nyakati zilezile, na chupa ya maji na machungwa, nikakaa upande wa pili wa ule mti. Siku za mwanzo nilijisikia kama mgeni. Baadaye mzee mmoja wa karakana ya jirani, ambaye hajawahi kuvuta maisha yake yote, akaanza kuja kukaa nami. Yeye ndiye niliyemwambia kwanza kwamba nalia. Hakunipa mawaidha. Alisema tu, "Kesho nitakuja tena saa nne," na akaja.

Mtafute mtu wa namna hiyo. Mmoja anatosha.

Asubuhi niliacha kupanda daladala. Natembea kutoka Tandika hadi Keko, karibu saa nzima, jua likiwa bado la upole. Siku nyingine miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mchanga, nikatembea vilevile, maana ukisubiri moyo utake kwanza, utasubiri mwaka. Anza kufanya, kutaka kutafuata.

Fedha za sigara nilizitia kwenye kibubu nilichokitengeneza kwa masalia ya mninga. Siku ya 60 nilikipasua, nikanunua jiliwa jipya la kubania mbao. Ukitia fedha hizo kwenye matumizi ya nyumbani zitayeyuka na hutaona kitu. Nunua kitu cha kushikika.

Usihamie kwenye ugoro, kuberi au shisha; zote ni tumbaku na zitakurudisha mwanzo. Pombe nayo hushusha moyo na kulegeza kauli, waliorudi kuvuta wakiwa baa ni wengi. Plasta au bigijii za nikotini ni jambo jingine: Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, zinakupa nikotini bila moshi huku unashuka pole pole. Si kila duka la dawa linazo. Uliza hospitali.

Wakati wa kwenda hospitali

Kama huzuni au kutoonja utamu wa chochote kumekaa karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda. Kama ulishawahi kuugua sonona kabla, usingoje hata hizo wiki mbili. Dalili nyingine ni kuamka usiku wa manane na kushindwa kurudi kulala, kukosa hamu ya kula, kujiona huna thamani, kazi ya saa moja kukuchukua siku nzima.

Mimi zahanati ya kwanza niliambiwa, "Mwanaume mzima, una mawazo tu, kapumzike." Nilirudi nyumbani nimevunjika zaidi. Mke wangu akakataa, akanishika mkono tukaenda hospitali nyingine. Huko daktari aliniuliza maswali kwa mpangilio, na moja lilikuwa: je, umewahi kuwa hivi kabla? Nikakumbuka mwaka aliofariki mama. Nililala miezi, navuta pakiti mbili kwa siku. Sikuwahi kuita ugonjwa. Sigara iliufunika, na nilipoifunua, ukaonekana.

Nilipewa dawa za sonona na siku za kurudi kuzungumza. Dawa hizi hazifanyi kazi siku hiyohiyo. Mimi nilianza kuona tofauti wiki ya nne. Hazikuhitaji nirudi kuvuta, na kuacha sigara hakukuhitaji niache dawa. Usizikatishe ghafla ukijisikia vizuri, mwache daktari akushushe.

Ukianza kufikiria afadhali ufe, hiyo si ya kungoja kliniki ya Jumatatu. Mwambie mtu aliye karibu kwa maneno ya wazi, asikuache peke yako, mwende hospitali siku hiyohiyo, sehemu ya dharura. Tanzania namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo. Kenya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wanapokea simu bure kwa 1192.

Kwa mnaokaa na mtu huyu

Msimwambie "kavute tu moja utulie, umekuwa mbaya." Niliambiwa hivyo na ndugu wa damu, kwa nia njema, na karibu nitii. Msimuulize kila asubuhi kama amepona. Mke wangu alikuwa ananiwekea chakula na kukaa hapo mpaka nimalize, hata kama hatusemi kitu. Alimwambia Mangi wa dukani asiniuzie hata moja, si kwa fedha si kwa daftari, na Mangi akashika neno.

Ukiteleza

Siku ya 34 nilikuwa msibani, usiku, chini ya turubai, wanaume tumekaa kimya. Mtu akaninyooshea sigara, nikavuta. Nilivuta nusu. Asubuhi huzuni ilikuja na aibu juu yake, na aibu ndiyo iliyotaka kunirudisha kwenye pakiti nzima. Nilimpigia yule mzee. Akauliza, "Umebakiwa na nyingine mfukoni?" Nikasema sina. "Basi njoo kazini." Ukutani nilichora duara kwenye 34, nikaandika 35 kesho yake. Sikuanza kuhesabu upya, na wewe usianze upya.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu niliandika 7 kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na jambo kubwa. Binti yangu alikuwa ananiiga ninavyopima mbao, nikacheka kabla sijajijua.

Tahadhari moja iliyobaki ni ya wale kama mimi, tuliokulia kwenye tumbaku. Baba yangu alikuwa mkulima, na harufu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, likikausha majani ni harufu ya utoto wangu, ya mama akipanga majani kwenye fito. Mwaka jana mwezi wa pili nilikwenda Urambo, miaka imeshapita, nimeshaacha na dawa za sonona. Niliposhuka kwenye pikipiki harufu ile ilinipiga, hamu na huzuni vikaja pamoja kama siku ya kumi na mbili. Nilikuwa nimemwambia mke wangu mapema kwamba huenda ikatokea. Nikampigia, nikasimama upande upepo unakotoka, chini ya mwembe, tukaongea kuhusu bei ya mchele mpaka ikapita. Halafu nikaenda banini kumwamkia baba mdogo.