Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Mahadhi ya Kale ya Fidla ya Ayalandi

Mahadhi ya polepole ya Ayalandi humfikia mpigaji fidla yakiwa yamefungamana na hadithi: kwamba yalitungwa baada ya vita fulani, au kwamba yalisikiwa kwa majini usiku wa manane. Hadithi hizo zina thamani yake na hazifai kutupwa, lakini hazitoshi kueleza mahadhi yametoka wapi. Anayetaka kuijua asili yake hana budi kufuata mikono iliyoyapokezana, yaani nani aliyapiga, nani aliyasikia kwake, na nani aliyaandika kwa mara ya kwanza.

Anza na maneno. Mengi ya mahadhi haya, ambayo kwa Kiayalandi huitwa fonn mall, yalikuwa nyimbo kabla hayajawa ya fidla, na waimbaji wa sean-nós, ule uimbaji wa kale usioandamana na ala, huyaimba bila kufungwa na mapigo yaliyo sawasawa. Tafuta ubeti wa kwanza katika Kiayalandi hata kama lugha hiyo huijui, usikilize ukiimbwa mara kadhaa, kisha hesabu mizani ya kila mshororo na uilinganishe na nota za fidla. Pale mpigaji anapoivuta nota kuliko ulivyotarajia, angalia kama chini yake hapakuwa na silabi yenye mkazo. Na pale anapoinyanyua upinde na kunyamaza kidogo, angalia kama sipo mwimbaji anapovuta pumzi. Kwangu mimi hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu bila maneno mtu huona mapambo matupu mahali ambapo pana sentensi.

Jina la mahadhi lichunguze, lakini usiliamini upesi. Mahadhi yanayoitwa Eibhlín a Rún nchini Ayalandi yalipata umaarufu mwingine kwa jina la Robin Adair, na anayetafuta kwa jina moja tu atapoteza nusu ya habari. Jina la mtu nalo halithibitishi wakati. Maombolezo ya Owen Roe O'Neill, jemadari aliyefariki mwaka 1649, huhusishwa na Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyezaliwa mwaka 1670. Kwa hiyo, hata tukikubali kwamba ni kazi yake, mtungaji hakuwa amezaliwa siku jemadari huyo alipozikwa.

Baada ya hapo fungua vitabu vya wakusanyaji, ukianzia cha zamani zaidi. Edward Bunting aliandika mahadhi ya wapiga vinubi waliokutana Belfast mwaka 1792, lakini alipoyachapisha aliyapanga yafae kwa piano, na ndiyo maana madaftari yake, yaliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Queen's mjini humo, yanastahili kulinganishwa na kitabu. George Petrie alifuata mwaka 1855, P. W. Joyce mwaka 1873, na Francis O'Neill, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, akatoa mwaka 1903 mkusanyiko wa mahadhi 1,850. Usiishie kwenye nota. Soma pia kile mkusanyaji alichosema kuhusu mtu aliyempa.

Chukua mfano wa mahadhi ya Londonderry. Wengi huyajua kwa maneno ya "Danny Boy", na hudhani kwamba huzuni ya kuagana iliyomo ndiyo chimbuko lake. Ukirudi nyuma mkono kwa mkono utakuta kwamba maneno hayo ni ya Mwingereza Frederic Weatherly na yalitoka mwaka 1913, ilhali mahadhi yenyewe yalikwisha kuchapishwa na Petrie mwaka 1855, bila jina, akiwa ameyapokea kwa Jane Ross wa Limavady. Jina la Londonderry limetokana na jimbo yalikopatikana. Mwaka 1934 mtafiti Anne Gilchrist alitoa hoja kwamba mahadhi hayo yalikuwa na mapigo matatu kwa kila kipimo, na kwamba yaliandikwa kimakosa katika mapigo manne. Yajaribu kwenye fidla kwa namna zote mbili: kwa mapigo matatu, zile nota ndefu za mwisho wa mshororo hufupika, na wimbo huenda mbele kwa wepesi ambao "Danny Boy" imetusahaulisha.

Vitabu vikinyamaza, geukia sauti. Hifadhi ya Muziki wa Jadi wa Ayalandi iliyopo Dublin tangu mwaka 1987 ina rekodi nyingi za kusikiliza. Hapo uliza pia mpigaji alijifunza kwa nani. Padraig O'Keeffe, mwalimu wa fidla wa Sliabh Luachra, eneo la mpakani mwa Kerry na Cork, aliyefariki mwaka 1963, aliwaandikia wanafunzi wake kwa tarakimu: nafasi nne za mistari zilisimama badala ya nyuzi nne, na tarakimu ikaonyesha kidole cha kubana. Karatasi ya namna hiyo, ikipatikana, inasema mengi kuhusu njia ya mahadhi kuliko kitabu kizuri kilichochapwa.

Hadithi za ajabu ziandike, ila ziwekee sehemu yake. Port na bPúcaí, mahadhi ya visiwa vya Blasket kwenye pwani ya Kerry, husimuliwa kwamba yalisikiwa kwa viumbe wasioonekana. Wengine husema waliosikia walikuwa wakisikia sauti za nyangumi zikipenya ubavu wa mtumbwi. Kauli zote mbili ni masimulizi, na zote zinastahili kuhifadhiwa kama masimulizi.

Mwishowe gawa ukurasa wako mara tatu. Juu weka yale yenye tarehe na jina la shahidi, katikati yale yanayokisiwa kutokana na ulinganisho wa nota na maneno, na chini yale yanayosimuliwa. Kwa mahadhi ya Londonderry, mstari wa kwanza kabisa utakuwa huu: Jane Ross, Limavady, yalichapishwa na Petrie mwaka 1855, jina halikutajwa.