Jinsi ya Kujenga Kichujio cha Rezista na Kapasita na Kupima Kinavyozipokea Frikwensi Mbalimbali

Fundi wa amplifaya mjini Kigoma, awe na kibanda chake Mwanga au Ujiji, huletewa mara kwa mara tatizo lile lile: kipaza sauti kinachofanya kazi vizuri ndani ya ukumbi, lakini kikipelekwa mwaloni Kibirizi kutangazia abiria wa boti, upepo wa ziwani hukifanya kiungurume hadi maneno yasisikike. Sehemu kubwa ya ngurumo hiyo imo katika frikwensi za chini (frikwensi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, nayo hupimwa kwa Hz), ilhali konsonanti zinazotuwezesha kutofautisha neno moja na jingine zimo juu zaidi, kwa kiasi kikubwa zaidi ya Hz 1,000. Kwa kuwa vitu hivi viwili viko mbali namna hiyo, rezista moja na kapasita moja zinaweza kupunguza kimoja na kukiacha kingine, mradi fundi ajue jinsi ya kuchagua thamani zake badala ya kubahatisha.

Rezista huupinga mkondo kwa kiasi kile kile, iwe frikwensi ni Hz 20 au Hz 20,000. Kapasita haifanyi hivyo: upinzani wake hupungua kadiri frikwensi inavyopanda, na hupatikana kwa kugawanya 1 kwa zao la 2, π (yaani 3.14), frikwensi katika Hz na ukubwa wa kapasita katika faradi. Kapasita ya nanofaradi 100, ile ndogo iliyoandikwa 104 ubavuni, huwa na upinzani wa takriban ohm 31,800 katika Hz 50, ohm 1,590 katika Hz 1,000, na ohm 159 tu katika Hz 10,000. Ukiziunganisha rezista na kapasita kwa mfuatano, zitagawana volti za ishara inayoingia, na mgawanyo huo utabadilika kila frikwensi inapobadilika. Ukichukua pato kutoka kwenye kapasita, umepata kichujio kinachopitisha frikwensi za chini. Ukilichukua kutoka kwenye rezista, umepata kinachopitisha za juu. Vifaa ni vile vile. Kinachotofautiana ni mahali unapochukulia pato.

Frikwensi ambayo upinzani wa kapasita unalingana na wa rezista ndiyo kona ya kichujio, nayo hupatikana kwa kugawanya 1 kwa zao la 2, π, ukubwa wa rezista katika ohm na ukubwa wa kapasita katika faradi. Katika kona hiyo pato huwa asilimia 70.7 ya volti zilizoingia, wala si nusu kama wanafunzi wengi wanavyotarajia. Kinachobaki nusu ni nguvu, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti, na ndiyo maana kona huitwa pia mahali pa kushuka kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu za ishara).

Kwa jaribio letu, tafuta rezista ya kilo-ohm 10, yenye rangi za kahawia, nyeusi na chungwa, na kapasita ya nanofaradi 100. Zote mbili hupatikana kwenye bodi za redio zilizokufa, na kapasita ya plastiki ni bora kuliko ya kauri, kwa kuwa baadhi ya zile za kauri huwa mbali sana na thamani iliyoandikwa. Kona ya jozi hii ni Hz 159. Nimeichagua chini namna hiyo kwa makusudi, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hupima volti za mkondo geu (AC) kwa usahihi hadi karibu Hz 400 tu, na fundi anayezitumia kupima Hz 5,000 anaweza kuilaumu saketi yake kwa kosa la mita.

Chanzo cha ishara kitakuwa simu yenye programu ya kutoa toni, ikiwekwa kwenye wimbi la saini (sine), yaani lile laini lisilo na kona. Volti zinazotoka kwenye tundu la hedifoni ni ndogo mno kwa mita ambayo kipimo chake cha chini cha mkondo geu ni volti 200, kwa hiyo pitisha ishara kwenye amplifaya, kisha chukua pato lake pale spika inapofungwa. Vifundo vya besi na trebo viwe katikati. Waya hasi wa spika usiugusishe kwenye bodi wala kwenye bati la amplifaya, kwani katika amplifaya nyingi, hasa za gari, waya huo nao hubeba ishara na ukiugusisha hivyo unaweza kuunguza saketi. Jaribio hili lifanyike kwa volti ndogo peke yake. Kichujio hiki kisiunganishwe kamwe na umeme wa nyumbani wa volti 230.

Unganisha ncha moja ya rezista na waya chanya wa pato, ncha ya pili na mguu mmoja wa kapasita, na mguu wa mwisho wa kapasita na waya hasi. Weka toni ya Hz 50 na urekebishe sauti hadi mita isome volti 5.0 kwenye ingizo, ndipo upime kwenye kapasita, ambako utapata karibu volti 4.8. Panda hadi Hz 100, na kabla ya kupima pato rudi kwanza kwenye ingizo uhakikishe bado ni volti 5.0, kwa sababu hakuna amplifaya inayotoa volti zilezile katika kila frikwensi. Sasa kapasita itakuwa na takriban volti 4.2. Katika Hz 159 utasoma karibu 3.5, na katika Hz 400 karibu 1.85. Vipimo vyako vikipishana na hivi kwa sehemu moja ya kumi, usishtuke, kwa kuwa kapasita za kawaida huruhusiwa kutofautiana kwa asilimia 10 hata 20.

Sasa rudi kwenye Hz 159 na, bila kufungua chochote, hamisha vijiti vya mita kwenye rezista. Utaona tena karibu volti 3.5. Jumla ya vipimo viwili ni zaidi ya volti 7, ilhali kilichoingia ni volti 5. Hapa ndipo ninapomwomba kila anayejifunza asimame na kutafakari, kwa maana kipimo hiki kimoja kinafundisha zaidi ya kurasa nyingi za nadharia. Volti za kapasita na za rezista hazifiki kileleni kwa wakati mmoja. Zimepishana kwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90, kwa hiyo hazijumlishwi moja kwa moja bali kwa miraba yake, kama pande za pembetatu mraba. Mraba wa 3.54 ukijumlishwa na mraba wa 3.54 unatoa 25, na kipeuo chake cha pili ni 5.

Kichujio cha namna hii hakikati ghafla. Mbali na kona, kila frikwensi inapoongezeka maradufu upande unaozuiwa wa kichujio kinachopitisha frikwensi za chini, volti hupungua kwa karibu nusu, na frikwensi ikiongezeka mara 10 volti hubaki karibu sehemu moja ya kumi, ambayo ni desibeli 20. Anayetaka kuondoa kabisa mvumo wa Hz 50 kutoka kwenye sauti ya mwanamume, ambayo msingi wake huwa karibu na Hz 100, asitarajie muujiza kutoka kwa vifaa viwili: kichujio kinachopitisha frikwensi za juu chenye kona ya Hz 159 kitauacha mvumo kwenye asilimia 30, lakini pia kitaupunguza msingi wa sauti hadi asilimia 53.

Kwa upepo hali ni nzuri zaidi. Ikiwa kifundo cha sauti cha amplifaya ni cha kilo-ohm 50, hicho chenyewe kinaweza kuwa rezista ya kichujio, na kinachohitajika ni kuweka kapasita moja ya nanofaradi 22, iliyoandikwa 223, mfululizo na waya unaokiletea ishara. Kona itakuwa karibu Hz 145. Ngurumo ya Hz 30 itabaki sehemu moja ya tano, na frikwensi za Hz 1,000 zitapita karibu zote.

Hesabu hiyohiyo hueleza ugonjwa wa redio za zamani zilizopoteza besi. Kapasita ya maikrofaradi 10 inayopeleka ishara kwenye hatua inayofuata ya saketi, yenye upinzani wa ingizo wa kilo-ohm 10, ina kona ya Hz 1.6, ambayo sikio halina habari nayo. Ikikauka hadi ikabaki na maikrofaradi 0.1, kona hupanda hadi Hz 159, na ngoma zote hutoweka huku sauti ya mtangazaji ikibaki nyembamba. Kabla ya kumshauri mteja anunue spika mpya, pima kapasita hiyo. Twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, nayo hulindwa kwa njia hiyo: maikrofaradi 4.7 isiyo na ncha chanya na hasi, ikiwa na twita ya ohm 8, huweka kona karibu na Hz 4,200, ingawa upinzani halisi wa twita hubadilika kidogo kwa frikwensi.

Anayehitaji mkato mkali zaidi anaweza kufuatanisha vichujio viwili, lakini asivifanye sawa kabisa. Hatua ya pili huvuta mkondo kutoka kwa ya kwanza, na jozi mbili za kilo-ohm 10 na nanofaradi 100 zikifuatana, pato katika Hz 159 hushuka hadi theluthi moja badala ya nusu uliyoitarajia (asilimia 70.7 ya asilimia 70.7). Ifanye hatua ya pili iwe na rezista ya kilo-ohm 100 na kapasita ya nanofaradi 10: kona yake ni ileile, mzigo wake kwa hatua ya kwanza ni mdogo mara kumi, na pato litakuwa karibu asilimia 48. Kwa kipimo hiki tumia mita yenye upinzani wa ingizo wa megaohm 10, kwa sababu iliyo chini ya megaohm 1 itakuwa yenyewe mzigo kwenye hiyo rezista ya kilo-ohm 100 na kukupa namba ndogo kuliko ukweli.