Somo: Kuamsha kadi kuukuu za PCI kwenye mfumo endeshi mpya, tuokoe kanda zetu

Ndugu zangu, somo hili ni la yule mwenye kompyuta ya mezani, kadi ya zamani ya PCI (ile ya kupachikwa kwenye sloti ndefu ndani ya kasha), ya sauti au ya kunasia video, na sanduku la kanda chini ya kitanda. Hapa Lamu masanduku hayo yamo katika nyumba nyingi: harusi za miaka ya tisini, maulidi, taarabu zilizorekodiwa uani, sauti za wazee ambao hatunao tena. Kanda hazingoji. Hewa yetu ya chumvi na unyevu inazila, na deki nzima za kuzichezea zinazidi kuadimika. Kadi za kuzihamishia kwenye kompyuta bado zimelala kwenye makabati ya mafundi, ila mtu akiichomeka moja kwenye Windows ya leo anaambiwa hakuna draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi), anaitupa. Msizitupe. Kadi kukataliwa na Windows si dalili kwamba imekufa. Mara nyingi aliyeitengeneza aliacha tu kuandika draiva, na Linux, mfumo endeshi wa bure, inayo ya kwake.

Nitatumia mifano miwili ninayoiona zaidi: kadi za televisheni zenye chipu ya Bt878, na kadi ya sauti ya Sound Blaster Live! ya Creative. Njia ni ileile kwa kadi nyingine za PCI.

Hatua ya kwanza: safisha kadi kabla ya kulaumu programu

Kwetu pwani hii ndiyo hatua inayomaliza nusu ya matatizo, na ndiyo watu wanayoiruka. Itazame kadi kwenye mwanga wa dirisha. Ile safu ya vidole vya rangi ya dhahabu inayoingia kwenye sloti inapaswa kung'aa. Ukiona ukungu wa kijivu, au vidoa vya kijani pembeni, hiyo ni kazi ya chumvi. Chukua raba laini ya penseli, ile nyeupe, usugue taratibu kufuata urefu wa kila kidole, pande zote mbili. Kisha pangusa kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa spiriti, uache ikauke kabisa. Msasa usiusogeze hata kidogo: dhahabu ile ni utando mwembamba mno, ukiukwangua umefungulia kutu mlango. Angalia pia vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya kadi. Kipipa chenye kichwa kilichovimba au kuvuja kimekwisha, na kadi hiyo umpelekee fundi wa kuchomelea kwanza.

Chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, shika chuma cha kasha, ndipo uipachike kadi. Isukume wima mpaka itulie, kisha uikaze skrubu. Kadi isiyo na skrubu huinuka upande mmoja ukivuta waya, na hapo utahangaika na draiva bure.

Hatua ya pili: tafuta nambari, usifuate jina la boksi

Hapa ndipo penye siri yote. Jina lililoandikwa kwenye boksi halikusaidii sana, kwa sababu kampuni kumi ziliweza kuuza kadi kumi zenye chipu moja. Kila kadi ya PCI hubeba nambari mbili ndani yake: ya mtengenezaji wa chipu na ya chipu yenyewe, kila moja ikiwa na tarakimu nne za mtindo wa heksa (0 hadi 9, kisha a hadi f).

Kwenye Windows fungua Device Manager, bofya kulia kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, ingia Properties, kisha Details, uchague Hardware Ids. Utaona VEN na tarakimu nne, DEV na tarakimu nne. Kwenye Linux ni rahisi zaidi, fungua teminali uandike:

lspci -nnk

Bt878 itajitokeza mara mbili, 109e:036e upande wa picha na 109e:0878 upande wa sauti. Sound Blaster Live! ya asili ni 1102:0002. Ziandike nambari hizo kwenye karatasi uibandike ndani ya kasha, atakayekuja baada yako atakushukuru. Ukiitafuta nambari hiyo mtandaoni pamoja na neno Linux, utajua upesi kama kuna draiva.

Kadi isipoonekana kabisa kwenye orodha, hilo si suala la draiva. Rudi hatua ya kwanza, au jaribu sloti nyingine.

Hatua ya tatu: amua mfumo

Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake, na keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya biti 64 haiwezi kupakia draiva ya biti 32. Draiva nyingi za kadi hizi ziliandikwa enzi za Windows XP, biti 32, na hazina sahihi ya kidijitali inayodaiwa siku hizi. Kwa hiyo hata ukiipata ile CD ya asili, haitakufaa. Na tafadhali, kaeni mbali na zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nimesafisha kompyuta za watu zilizojaa uchafu kwa sababu yake.

Mimi ninashauri Linux Mint au Debian. Iweke kwenye flashi, uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na ujaribu kadi bila kugusa diski. Draiva ya Bt878 inaitwa bttv, ya Sound Blaster Live! ni snd_emu10k1, na zote zimo ndani ya keneli tayari. Hakuna cha kupakua. Tazama tena matokeo ya lspci -nnk: ukiona mstari wa Kernel driver in use wenye jina hilo, kadi imeamka.

Hatua ya nne: Bt878 isipojitambua

Baadhi ya kadi, hasa za bei nafuu, hazisemi zilitengenezwa na nani. Andika:

sudo dmesg | grep bttv

Ukikuta UNKNOWN/GENERIC na card=0, draiva imeitambua chipu lakini haijui jeki zimeungwa vipi. Mara nyingi jeki ya njano ya video hufanya kazi hivyohivyo. Isipofanya, nyaraka za keneli zina orodha ndefu ya kadi za bttv, kila moja na nambari yake. Tafuta inayofanana na yako, kisha:

sudo modprobe -r bttv
sudo modprobe bttv card=NAMBARI

Ukiipata, andika options bttv card=NAMBARI kwenye faili /etc/modprobe.d/bttv.conf ili ibaki hivyo kila ukiwasha. Sehemu ya kutafutia stesheni za televisheni usihangaike nayo. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, kwa hiyo ile jeki ya antena haina cha kupokea. Tunachotaka ni jeki ya njano.

Hatua ya tano: nasa

Sakinisha v4l-utils (ya kudhibiti kadi ya video) na ffmpeg (ya kunasa). Unga deki kwenye jeki ya njano, halafu waya wa sauti, ule mwekundu na mweupe, upeleke kwenye tundu la buluu la kadi ya sauti. Tundu la waridi ni la maikrofoni, ukiweka hapo sauti itapasuka.

Kwenye teminali fungua alsamixer, programu ya viwango vya sauti, F6 kuchagua kadi, F4 kuona upande wa kurekodi, nenda kwenye Line ubonyeze nafasi mpaka neno CAPTURE litokee. Pandisha kiwango huku ukisikiliza sehemu yenye kelele kuliko zote, kwenye harusi ni pale vigelegele vinapoanza. Vigelegele visipopasuka, mengine yote yatakuwa salama. Kisha:

ffmpeg -thread_queue_size 1024 -f v4l2 -channel 1 -standard PAL -input_format yuyv422 -video_size 720x576 -i /dev/video0 -thread_queue_size 1024 -f alsa -i hw:1 -c:v ffv1 -c:a flac kanda.mkv

Hiyo hw:1 ni nambari ya kadi ya sauti. Hakikisha yako kwa arecord -l. Na channel 1 kwa kawaida ndiyo jeki ya njano, orodha kamili utaiona kwa v4l2-ctl --list-inputs.

Jiandae kwa nafasi ya diski. Picha ghafi ya PAL (mfumo wa video wa kwetu) kwa ukubwa huo, fremu 25 kwa sekunde, ni karibu MB 20.7 kila sekunde, yaani takriban GB 75 kwa saa. ffv1, namna ya kubana picha iliyo kwenye amri ile, inaipunguza bila kupoteza chochote, lakini bado ni faili kubwa. Kanda ya sauti tupu ya dakika 90, kwa WAV ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama GB 1 tu. Nasa kwa ubora huo kwanza, uhifadhi, ndipo utengeneze nakala ndogo ya kutumiana kwa WhatsApp. Msinase moja kwa moja kwa ubora wa simu. Kanda nyingine hukubali kuchezwa mara moja tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Shela: Asalaam aleikum fundi. Kompyuta yangu ni mpya, mazabodi haina sloti ya PCI hata moja, zote ni zile fupi. Nifanyeje?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hizo ni PCI Express, kadi ya PCI haiingii. Kuna adapta za kubadilisha, na Linux huzitambua, lakini tahadhari na zenye chipu ya ASM1083. Zina kasoro inayojulikana: kadi inafanya kazi vizuri, kisha dmesg inaandika "nobody cared" kuhusu irq (ishara ambayo kadi huiita kompyuta) na kila kitu kinakuwa kizito. Kuongeza neno irqpoll kwenye mstari wa amri za kuwashia Linux husaidia wengine. Kama unaweza kupata kompyuta ya zamani kidogo yenye sloti halisi ya PCI, iweke kwa kazi hii peke yake. Ni bora kuliko adapta.

Mwanachama wa Malindi: Picha inakuja lakini haina rangi na inapanda juu bila kutulia. Kanda ilitumwa na shangazi kutoka Marekani.

Dada yangu, kanda hiyo ni ya NTSC, mfumo wa video wa Marekani, mistari 525, na wewe umeiambia kadi isubiri PAL yenye mistari 625. Badilisha -standard iwe NTSC na ukubwa uwe 720x480. Lakini deki yako nayo lazima iweze kucheza NTSC, nyingi za kwetu zilikuwa za PAL pekee. Uliza waliorudi Uarabuni, deki zilizonunuliwa huko mara nyingi zilisoma mifumo kadhaa.

Mwanachama wa Mokowe: Nina kadi ndefu ya ISA ya sauti. Nayo itafaa?

Kwa kompyuta ya leo hapana, kaka. Sloti za ISA ziliondoka kwenye mazabodi za kawaida muda mrefu uliopita. Ukiwa na kompyuta yake ya asili iache pamoja nayo, usizitenganishe.

Mwanachama wa Matondoni: Shikamoo. Nimenasa vizuri, ila kingo za watu zinaonekana kama kitana wakitembea.

Marahaba. PAL hutuma kila fremu kwa nusu mbili, na kitana hicho ni nusu hizo zikionyeshwa kwa pamoja. Faili kuu usiiguse. Kwenye nakala ya kuangalia tu, ongeza -vf bwdif, picha italainika.

Mwanachama wa Faza: Kanda ya harusi ya mama ina utando mweupe kwenye ukingo, ndani ya dirisha lake. Niicheze haraka kabla haijaharibika zaidi?

Usiicheze kabisa, mwanangu. Huo ni kuvu. Utando huo utaingia kwenye kichwa cha deki, uikwaruze kanda hiyo na kuiambukiza kila itakayofuata. Itenge kwenye mfuko wake, na iwekwe mahali pakavu ili kuvu kikauke kwanza. Baada ya hapo kinafutwa kwa mkono, kanda ikizungushwa polepole nje ya deki huku umevaa barakoa, kisha inachezwa kwenye deki ambayo hutajutia kuipoteza, na kichwa kinasafishwa mara tu inapoisha. Ukifika Lamu mjini njoo nayo, tuifungue pamoja.