Ni le au ni la? Jinsia ya nomino za Kifaransa kwa anayetembeza wageni Lamu

Mswahili hana haja ya kufunzwa kwamba nomino zina makundi. Kiti kile, meza ile, mti ule: ngeli huvuta kila kinachofuata. Kifaransa kina makundi mawili tu, la kiume na la kike, ila alama yake hukaa mbele, kwenye kineno ambacho Kiswahili hakina. Ndiyo maana kosa letu la kwanza huwa ni kukidondosha: "Je vois bateau." Sema "Je vois un bateau" (naona chombo).

Kwenye daftari, andika kila nomino pamoja na un (kiume) au une (kike). Usitumie le na la, kwa sababu mbele ya irabu, na mbele ya h nyingi, zote mbili huwa l'. Ukiandika l'île, l'âne, l'hôtel, kesho hutajua kipi ni cha kike. Une île (kisiwa), un âne (punda), un hôtel: hapo hapana shaka. Un hutamkwa puani. Kwa une, weka ulimi kama unasema "i", halafu kunja midomo kama unasema "u".

Kisha bandika kivumishi nyuma: un âne gris (wa kijivu), une île verte (cha kijani). T ya verte husikika, ya vert haisikiki, kwa hiyo sikio nalo linashika jinsia. Petit (-dogo) haifai kazi hii. "Petit hôtel" na "petite île" zote husikika na t.

Miisho husaidia sana. -tion, -ette na -ée kwa kawaida ni za kike: la marée, maji kujaa na kupwa. -age, -eau na -ment kwa kawaida ni za kiume: le village, le bateau. Balaa ni kwamba maneno ya kila siku ya kazi hii ndiyo yanayokiuka kanuni: la plage (ufuo), l'eau (maji, ya kike), le musée (makumbusho). Hayo yakariri kwanza, kanuni baadaye.

Jihadhari pia na maneno yanayobadili maana. La voile ni tanga la jahazi, le voile ni mtandio. Le tour ni mzunguko, la tour ni mnara. Ukimwalika mgeni kwa "une tour en bateau" umemwahidi mnara chomboni. Atakuelewa, lakini atacheka.

Sasa chakula cha mchana Manda, hapa ndipo wengi hukwama. Un poisson ni samaki mmoja mzima. Du poisson ni kiasi cha samaki, kama wa kwenye sahani: "Vous voulez du poisson ?" Kwa kitu cha kike ni de la, kwa irabu de l': de la salade, de l'eau. Le poisson ni yule mnayemjua nyote, au samaki kwa jumla, kwa hiyo baada ya aimer (kupenda) ni le: "J'aime le poisson", kamwe si "du".

Ukikanusha, un, une, du na de la hugeuka de: "Il n'y a pas de vent" (hakuna upepo). Kipimo nacho hutaka de: un kilo de riz (kilo ya mchele), une bouteille d'eau (chupa ya maji). Lakini être (kuwa) haigeuzi kitu: "Ce n'est pas du poulet" (hii si kuku).

À na le huungana kuwa "au", de na le kuwa "du": "au port", "du port". La haiungani: à la plage. Nchi hufuata jinsia yake: ya kiume "au Kenya", ya kike "en France". Mji kama Lamu au Malindi hauna kineno, ni à Lamu.

Na kiwakilishi lazima kifuate jinsia, hata kwa kitu kisicho na uhai. Mgeni akiuliza "La marée est haute ?" (maji yamejaa?), jibu ni "Oui, elle est haute." Akiuliza kuhusu le bateau, ni il.