Pikipiki yenu ya mbio inaachwa? Injini isubiri kwanza

Mimi ni fundi mkuu wa timu ndogo ya mbio: watu wanne na pikipiki moja. Msimu mmoja mzima tuliumaliza tukifukuzia nguvu za injini. Tulifungua kichwa cha silinda, tukapanua njia za hewa, tukabadili ekzosi mara mbili. Kwenye mashine ya kupimia, nguvu za farasi ziliongezeka kweli. Kwenye saa tulibaki pale pale, sekunde moja na nusu nyuma ya wanaoongoza. Mwendeshaji wetu kila akirudi gereji alikuwa na neno moja: "Nikivuta mafuta kutoka kwenye kona, mbele kunanikimbia." Tulimjibu kwamba nguvu zikiongezeka mambo yatakaa sawa. Nakiri tulimkosea, na utaratibu huu tulianza kuufuata siku tulipomsikiliza.

Kabla ya kushika spana, jueni muda unapotelea wapi. Gaweni mzunguko vipande vinne au vitano, mpime kila kipande peke yake. Mkiachwa mwisho wa sehemu iliyonyooka ilhali mlitoka kwenye kona sawa na wenzenu, hapo injini au gia inahusika. Lakini mkiona pengo linaanza pale pale kona inapoishia, hakuna injini itakayowaokoa, kwa sababu mwendeshaji anachelewa kufungua mafuta. Kwetu, karibu muda wote ulikuwa unapotea kwenye kutoka kona mbili ndefu.

Sasa pimeni mshuko wa shokapu, yaani inashuka kiasi gani ikibeba uzito. Kazi hii inataka watu watatu na futi, basi. Inueni nyuma mpaka shokapu inyooke kabisa, mpime kutoka ekseli ya gurudumu hadi alama mliyoweka juu yake kwenye mkia. Kisha mwendeshaji apande akiwa na suti, helmeti na buti zake zote, miguu juu ya vikanyagio, mwili umelala kama yuko mbioni. Asikae wima, maana uzito unahama na kipimo kinadanganya. Bonyezeni nyuma, muiachie ipande polepole, mpime. Inueni kidogo, muiachie ishuke polepole, mpime tena. Chukueni wastani wa hivyo viwili, mtoe kwenye kipimo cha kwanza. Kwa mbio za lami, nyuma natafuta milimita 25 hadi 35, mbele 30 hadi 40.

Sisi tulikuta 46 nyuma. Yaani kila mafuta yakivutwa mkia ulikuwa unakaa chini, mbele kunakuwa kwepesi, na pikipiki inapanuka nje ya njia yake. Ndicho alichokuwa akituambia yule kijana miezi yote ile!

Tukakaza springi mpaka ikasoma 32, tukafurahi, kumbe kazi haijaisha. Pimeni pia mshuko wa pikipiki yenyewe bila mtu. Yetu ilisoma sifuri: springi ilikuwa laini mno kwa uzito wa mwendeshaji, tumeibana tu ionekane ngumu. Tulipoweka springi ngumu zaidi na kuilegeza, tukapata 32 akiwa juu na 8 akiwa ameshuka. Siku hiyo alirudi gereji akavua helmeti, akasema, "Sasa inageuka."

Mbele, fungeni kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye bomba la shokapu. Akirudi, pale kamba iliposukumwa ndipo shokapu ilipofika. Ikigonga mwisho kwenye breki kali, hapo hapana akiba ya kumeza shimo.

Kuanzia hapa, badilini kitu kimoja tu kila anapotoka, na mwandike kwenye daftari: nini kilibadilika, kwa kiasi gani, joto la lami, muda, na maneno ya mwendeshaji kama alivyoyasema, bila kuyatafsiri. Mkigusa viwili kwa pamoja, kimoja kikasaidia na kingine kikaharibu, hamtaona kitu. Upepo wa tairi upimeni likiwa la moto, dakika ile ile anaporudi.

Kwenye gia kuna mtego ambao wengi hawauoni. Chukueni sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) ya mbele ya meno 15 na ya nyuma 45: mkishuka 14 mbele, ni karibu sawa na kwenda 48 nyuma. Lakini kila jino moja la nyuma, kwa cheni ile ile ya mbio, husogeza ekseli karibu milimita 4. Urefu wa pikipiki umebadilika, na mwendeshaji atalalamikia gia kumbe ni gurudumu lililosogea. Kwa hiyo pimeni ekseli ilipo kila mnapobadili sproketi, muandike.

Anayedhani haya ni ya timu maskini atazame Honda. Mwaka 1979 walileta pikipiki ya mbio NR500, injini ya mipigo minne yenye pistoni za umbo la yai na vali 32, ajabu ya uhandisi. Haikushinda hata Grand Prix moja. Wakaja na NS500 ya silinda tatu, nyepesi, kupambana na wapinzani wenye silinda nne. Mwaka 1983 mwendeshaji wao Freddie Spencer akachukua ubingwa wa dunia wa 500cc nayo, akimpita Kenny Roberts wa Yamaha kwa pointi 2.

Injini mtaifikia. Sisi tuliirudia pale tu vipande vya kutoka kona vilipolingana na vya wenzetu, na kilichobaki kilikuwa mwisho wa njia iliyonyooka. Usiku wa kuamkia mbio hatubadili chochote: nakaza boliti kwa spana ya kipimo, naweka alama ya rangi juu ya kila nati, kisha naacha ukurasa mmoja mtupu kwenye daftari kwa ajili ya mzunguko wa kwanza wa kesho.