Kusasisha draiva ya GPU: pima kwanza, ndipo usakinishe

Somo hili ni la wachezaji wa Kisumu na Nakuru, hasa wenye mashine za ex-UK zilizoongezewa GTX 1050 Ti au RX 570. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuendesha GPU, yaani kadi ya picha. Draiva mpya haiongezi nguvu ya kadi. Faida yake huonekana kwenye gemu iliyotoka juzi, au pale hitilafu fulani imerekebishwa. Gemu ya miaka mitano iliyopita mara nyingi haipati hata fremu moja zaidi.

1. Pima. Washa MSI Afterburner (programu ya kupimia kadi), cheza sehemu ileile dakika 2, mara 3. Andika fps (fremu kwa sekunde) ya wastani na ile 1% ya chini, yaani fps ya zile fremu zilizochelewa zaidi. Wastani wa 60 wenye 1% ya 25 hukwama-kwama machoni kuliko 50 yenye 42, kwa hivyo msitazame wastani peke yake.

2. Pakua kutoka tovuti ya NVIDIA (GTX) au AMD (RX). Faili huwa ya mamia ya MB, basi ngojea bando la usiku. Tunza faili ya draiva ya zamani. Ndiyo njia ya kurudi.

3. Usianze kusakinisha radi zikinguruma upande wa ziwa. Skrini hugeuka nyeusi sekunde kadhaa katikati ya kazi. Hiyo ni kawaida, usizime. Stima ikipotea hapo, huenda Windows ikawaka na draiva yake ya msingi na picha zikawa kubwa ajabu. Hapo ndipo DDU (Display Driver Uninstaller, programu ya kufuta draiva kabisa) inahitajika.

4. DDU ni ya kubadilisha kadi au kuondoa hitilafu, si ya kila mwezi. Iendeshe katika Safe Mode, yaani Windows ikiwa imewashwa na vitu vya msingi tu. Nakili kwanza ufunguo wa BitLocker (kifungo cha Windows cha kulinda diski), la sivyo unaweza kufungiwa nje ya mashine yako. Chomoa intaneti pia, maana Windows huwahi kuweka draiva yake.

5. Cheza nusu saa kabla ya kuhukumu. Sheda, yaani vijiprogramu vinavyochora mwanga na vivuli, hutayarishwa upya baada ya draiva kubadilika, na gemu hukwama zikitayarishwa. Kisha pima tena kama hatua ya 1.

Maswali

*Mwalimu, 1050 Ti itaendelea kupata draiva?*
Za gemu ziliishia tawi (mfululizo wa matoleo) la 580, Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama tu, hadi Oktoba 2028. Ukiwa na 580 iliyotulia, kaa nayo.

*Nimesasisha, fps haijasonga. Nina i5 ya kizazi cha 4, RAM kipande kimoja cha 8GB.*
Ndugu, tazama matumizi ya GPU ukicheza. Yakiwa 55% na fps iko chini, kadi inangojea prosesa au RAM. Ongeza kipande cha pili kinachofanana, ukichomeke kwenye nafasi ya chaneli ya pili.

*Nikirudisha ya zamani, Windows inaweka mpya tena.*
Tafuta Change device installation settings, chagua No, hifadhi. Kisha rudia hatua ya 4 intaneti ikiwa imechomolewa.