Kabla Dalali Hajaleta Mteja: Mambo ya Kuzingatia Unapouza Nyumba

Ukipita Tandika, Mbagala au Tabata jijini Dar es Salaam hukosi kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna ugomvi wa ndani. Mume alitaka kuuza mke hana habari, au ndugu mmoja kati ya sita ameshapokea advansi na wenzake wamekuja kusikia kwa jirani. Tumezoea kuyasoma kama onyo kwa mnunuzi, lakini mwenye nyumba naye ayasome vizuri, kwa sababu makosa yanayomuumiza muuzaji hufanyika wiki nyingi kabla mteja hajaja kuangalia vyumba.

Kwa hiyo anza na watu wa nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama kwenye hati kuna jina moja tu. Wanaume wengi huliacha jambo hili mpaka siku ya kusaini: "mke wangu hana neno, nitamwita." Mke anaitwa, anafika ofisini kwa wakili, ndipo anasikia bei kwa mara ya kwanza mbele ya wageni. Ni kumkosea heshima, na akigoma, ana haki. Kaeni mzungumze kabla bei haijatajwa kwa mtu yeyote.

Nyumba ya marehemu ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Mtoto wa kwanza hana mamlaka ya kuiuza kwa kuwa ni mkubwa, wala anayeishi humo kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mzee. Fungueni mirathi, mahakama imteue msimamizi, naye ndiye auze huku warithi wakiwa wamekubaliana kwa maandishi. Muhtasari wa kikao cha ukoo unampendekeza msimamizi tu, hauuzi nyumba.

Baada ya watu, makaratasi. Mama yangu mdogo alipoamua kuuza nyumba yake ya vyumba vinne, alitoa chini ya godoro mfuko wa rambo uliofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na karatasi ya mauziano ya mwaka 1994, imeandikwa kwa mkono, sahihi ya balozi wa nyumba kumi bado inasomeka, dole gumba la aliyemuuzia limebaki kivuli cha zambarau. Karatasi ilikuwa halali kabisa. Tatizo lilikuwa herufi moja: pale ameitwa Zuhura, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Zuhra. Wakili wa mteja akasimamisha kila kitu. Kiapo cha majina kilichukua siku mbili tu kukamilika, lakini ndani ya wiki hiyo mteja alionyeshwa nyumba nyingine akaipenda. Tulingoja miezi mitano kumpata wa pili. Linganisha basi majina yako yote, herufi kwa herufi, leo hii.

Ujue pia unachouza kina nguvu gani. Mwenye hati miliki, mwenye leseni ya makazi na mwenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa wote wana nyumba, ila wateja wao si wale wale. Anayenunua kwa mkopo wa benki kwa kawaida atataka hati. Kama mtaa wenu umepimwa kwenye urasimishaji, yaani kutambuliwa rasmi kwa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, na hati hujaifuatilia, mimi ningeshauri uifuatilie kwanza. Kama unayo, lipa kodi ya pango la ardhi inayodaiwa, kisha nenda wewe mwenyewe ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangalia daftari lake linasema nini kuhusu nyumba yako, usimwachie mnunuzi. Kuna watu walimaliza mkopo zamani lakini rehani haikuwahi kufutwa kwenye daftari, na habari hiyo wanaipata kutoka kwa mteja ambaye tayari ameanza kuwatilia shaka. Halafu tembea kwenye mipaka utafute bikoni, yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapimaji. Fensi iliyoingia kwa jirani ni bora uimalize na jirani kabla ya mauzo.

Kodi huwashtua wengi. Mamlaka ya Mapato inatoza kodi ya ongezeko la mtaji, na kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua na kujenga. Gharama hizo zinataka ushahidi, kwa hiyo risiti za saruji, nondo na bati zina thamani. Wapo wanaoshauriana waandike kwenye mkataba bei ndogo kuliko iliyolipwa. Usikubali. Ni kosa kisheria, na mkifikishana mahakamani mkataba ule ule ndio utakaosomwa. Kubalianeni mapema nani analipa nini, pamoja na ushuru wa stempu, na muandike.

Bei usiichukue kwa jirani. Aliyekuambia aliuza milioni 120 hajakuambia alilipwa kwa awamu ngapi. Mlipe mthamini aliyesajiliwa akupe thamani kwa maandishi. Itakusaidia hata siku utakapouza kwa shida, kwa sababu utajua unapunguza kiasi gani. Na madalali wasiwe kumi. Kila mmoja akiweka cha juu chake, yaani akiongeza fedha yake juu ya bei yako, nyumba moja inatembea mjini na bei nne, na mteja anadhani ni utapeli. Chagua mmoja au wawili, andikishaneni kamisheni.

Kuhusu malipo nitasema kwa msisitizo, kwa sababu hapa ndipo watu wazima hulia. Hati halisi haitoki mkononi mwako kabla hujalipwa yote, hata mteja akisema anaipeleka benki kuhakikiwa. Mpe kopi. Pesa zipite benki, nawe usihesabu umelipwa kwa kuonyeshwa karatasi ya kuweka fedha au ujumbe wa simu. Piga benki yako, uambiwe zimeingia. Advansi iandikwe: kiasi, tarehe ya kumalizia, na nini kitafanyika asipomalizia. Mnunuzi asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, kwa hiyo anayekuambia mtaliweka jina la rafiki yake anakuingiza kwenye kesi.

Wapangaji waambiwe mapema. Aliyelipa kodi ya miezi sita ana mkataba, na mnunuzi anapaswa kujua kama anakabidhiwa nyumba tupu au yenye watu. Lipa bili ya maji, angalia kama kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, haina deni. Siku ya makabidhiano simameni na mnunuzi mbele ya mita, msome namba pamoja, muiandike kwenye karatasi mbili na kusaini zote, ndipo umpe funguo.